Montreal, mji unaobeba theluji kwa malori usiku kucha

Watu wakikuhadithia Montreal, kule Kanada, ya wakati wa baridi watakuambia habari za makoti, mabuti na masikio kuuma, hakuna anayekuambia habari za kelele. Mi nilifika Februari 2025, na wanaofuatilia wataikumbuka ile wiki, dhoruba ya tarehe 13 halafu nyingine tarehe 16, yaani ndani ya siku nne zilishuka zaidi ya sentimita 70 za theluji. Magari yaliyopaki mtaani yaligeuka vichuguu, huoni kioo wala tairi, mtu anatoka na koleo anaanza kuchimba akibahatisha kama hilo ni la kwake au la jirani.

Nilifikia kwa dada mmoja wa Bukavu anayeishi mtaa wa Rosemont na mumewe, na kwa bahati nzuri huyo shemeji msimu wa baridi anaendesha tipa la kubeba theluji. Kiangazi tipa hilohilo linabeba udongo na mawe ya ujenzi. Basi nikawa nina mwalimu ndani ya nyumba, japo kumpata macho wazi ilikuwa kazi maana alikuwa anarudi alfajiri anakula anaanguka kitandani.

Cha kwanza alichonielewesha ni kwamba kusukuma theluji na kubeba theluji ni kazi mbili. Ikianza tu kushuka, magreda yanaingia barabarani na vikatapila vyembamba vinapita njia za waenda kwa miguu, vinasukuma pembeni na kumwaga chumvi, lengo ambulensi na mabasi yapite. Hiyo ndo sehemu rahisi. Sasa ukishasukuma pembeni mara mbili tatu, kuta za theluji zinapanda hadi kifuani, barabara ya magari mawili inabaki ya gari moja, kituo cha basi kinapotea, mama mwenye kigari cha mtoto anatembea katikati ya lami. Kusubiri jua haiwezekani, pale inashuka kama mita 2 kwa mwaka na baridi haiachii hadi karibu na Aprili, kwaiyo lazima ibebwe itolewe mtaani. Tunaongelea kilomita kama 10,000 za barabara na njia za miguu, na zaidi ya mita za ujazo milioni 12 za theluji kwa mwaka, bajeti inakaribia dola milioni 200 za Kanada. Na usidanganywe na wepesi wa ile inayoelea hewani, mita moja ya ujazo ikishasukumwa na kushindiliwa inaweza kufika kilo 400 au zaidi.

Usiku wa mtaa wetu kubebewa, mchana wake vilichomekwa vibao vya rangi ya chungwa kwenye theluji, vimeandikwa saa za kutopaki, saa moja usiku hadi saa moja asubuhi. Dada akanionyesha programu ya jiji kwenye simu inayosema mtaa upi umepangwa na upi umeshasafishwa. Ilipokaribia saa ya kazi ndo nikasikia kile king'ora, sauti mbili zinapokezana, juu chini juu chini, inakuja na gari la bredauni linatembea taratibu. Maana yake toka kitandani uhamishe gari lako sasa hivi. Usipotoka linavutwa na kuachwa mtaa wa jirani, na faini juu, asubuhi unaingia mtandaoni kutafuta limepelekwa wapi. Niliona baba mmoja anakimbia na pajama na mabuti kwenye nyuzi hasi 14, hakuna aliyecheka, nadhani kila mtu pale yalishamkuta.

Halafu ndo msafara wenyewe. Magreda yanavuta theluji ya pembeni kuileta mstari mmoja mrefu, vikatapila vinatoa ile ya njia za miguu kuiongezea hapo, na nyuma yake inakuja mashine ya kupuliza. Aisee ile mashine. Mbele ina midomo ya chuma inayozunguka, inatafuna tuta zima, halafu inalirusha kupitia bomba lililopinda juu moja kwa moja ndani ya tipa linalotembea sambamba nayo, tipa likijaa linachomoka na jingine linaingia nafasi ileile bila mashine kusimama. Nilisimama barazani nikahesabu pumzi, lori moja lilijaa kabla sijachoka kusimama kwenye baridi, na baridi ile inachosha haraka. Mbele ya mashine alikuwa anatembea mtu kwa miguu na koti linalong'aa, anaangalia tuta. Nikadhani anatafuta vyuma, dada akasema hapana, anatafuta watoto, maana watoto huchimba mapango kwenye yale matuta na kujificha humo. Baada ya kusikia hilo sikumwondolea yule mtu macho.

Na mashine hiyo imezaliwa hukohuko. Arthur Sicard, mtu wa mashambani, aliitengeneza mwaka 1925 akichukua wazo kwenye mashine ya kupura nafaka, na mteja wake wa kwanza mwaka 1927 alikuwa mji wa Outremont, ambao siku hizi ni sehemu ya Montreal.

Sasa linakuja swali nililokuwa nalo tangu mwanzo, inapelekwa wapi? Zamani walikuwa wanaimwaga tu mtoni, Saint-Laurent. Ila theluji ya barabarani siyo ile ya kwenye picha, ina chumvi, ina oili ya magari, ina vichungi vya sigara, glovu, vikombe, na kokoto zinazomwagwa baridi ikizidi kiasi cha chumvi kushindwa kazi. Serikali ya Quebec, jimbo ambalo Montreal imo, ikaweka kanuni mwaka 1997 na mambo ya kumwaga mtoni yakapigwa marufuku. Siku hizi nyingine inaangushwa kwenye mashimo maalumu yanayoingia kwenye mabomba makubwa ya majitaka, maji ya majumbani yana uvuguvugu kwaiyo yanaiyeyusha humohumo, akili sana hii. Nyingine inarundikwa kwenye viwanja vilivyotengwa.

Ila sehemu kubwa inaenda Francon. Hili ni shimo la machimbo ya mawe ya chokaa lililoachwa, lipo mtaa wa Saint-Michel katikati kabisa ya makazi ya watu, linameza kama asilimia 40 ya theluji yote ya jiji. (Kwa wapenda mawe, humo ndo yalipogunduliwa madini ya weloganite miaka ya 60.) Shemeji hakuruhusiwa kunipakia, nikapanda basi la barabara ya Pie-IX nikaenda kuchungulia kwenye uzio. Malori yanapanga foleni, linarudi nyuma hadi ukingoni, linainua bodi, mzigo unateleza chini na unachelewa kidogo kabla hujasikia mshindo. Chini kuna mlima, na siyo mweupe, ni kijivu cha kuelekea weusi.

Mlima huo unaishi hadi kiangazi, watu wakiwa na kaptula bado kuna theluji shimoni. Uchafu haupotei na maji, unabaki juu unakuwa ganda, ganda linaikinga theluji na jua. Boston kule Marekani waliliona hilo mwaka 2015, rundo lao la Seaport lilimalizika tarehe 14 Julai. Maji ya Francon yanayoyeyuka yanapelekwa kwenye mfumo wa majitaka, kwaiyo kile kilichokatazwa kwenda mtoni kinapita kwanza kwenye mitambo ya kusafisha, ila chumvi haichujwi kirahisi, hiyo inaenda mtoni.

Jioni nikamkuta shemeji anakunywa chai kabla ya kutoka, nikamuuliza haoni kama ni kazi bure, kuhangaika usiku kucha na kitu ambacho Aprili kingeyeyuka chenyewe. Akavaa buti la kwanza, akavaa la pili, ndo akajibu, "Aprili? Shemeji, kodi ya hii nyumba nalipa tarehe moja ya kila mwezi."