Mgeni wa kwenye kabati

Tukuyu, Jumapili usiku

Mvua haijakatika tangu saa tisa alasiri. Mama amelala. Kioo cha kabati kimefunikwa kwa khanga, na huu ni usiku wa kumi na mbili hakuna ugomvi chumbani kwake.

Tangu Pasaka, kila jioni mama alikuwa anagombana na mtu. "Huyu bibi haondoki. Ananikodolea macho tu, hata chakula hali." Mwanzoni nilimbishia, baadaye nikanyamaza. Mwezi wa sita akaanza kumtupia viatu, na majirani wakasikia. Kila mtu huku anajua neno linalofuata mtaa ukishasikia kikongwe anaongea na asiyeonekana. Nchi hii imezika bibi zetu wengi kwa sababu ya neno hilo, wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa kuni. Neno hilo liliniogopesha kuliko ugonjwa wenyewe.

Tulikokwenda kwanza tuliambiwa ni uzee tu. Nikampeleka Mbeya mjini. Ni kama kilomita 70, lakini kwa mama ilikuwa safari ya kuvuka bahari. Tulipofika Uyole alitaka kushuka kwenye Kosta, analia, anamwita dada yake ambaye tulishamzika. Mbele ya daktari hakuweza kutaja hata jina lake. Daktari alimpima mwanamke aliyechanganyikiwa kwa hofu, na mimi nikarudi na mama yangu ambaye hakuna aliyemwona.

Binamu yangu wa Dar ndiye aliyetutafutia bingwa wa magonjwa ya akili ya wazee anayehudumia kwa simu ya video. Siku hiyo mvua ilianza dakika ileile simu ilipoita. Bati lilipiga kelele hata sikusikia salamu. Nikamshika mama mkono tukakimbilia jiko la nje, la nyasi, nikaegemeza simu kwenye debe la unga. Mama akakaa kwenye kigoda chake, akavuta beseni, akaanza kumenya ndizi za jioni. Nilitaka kumzuia. Daktari akasema, "Mwache, dada. Mwache amenye."

Basi akamwona. Mkono wa kushoto unageuza ndizi, wa kulia unapitisha kisu chini ya ganda, ganda linaangukia kwenye beseni, na macho ya mama yakiwa kwenye moto. Mikono ile haijasahau kitu.

"Shikamoo mama." Mama akaitikia, "Ugonile," kisha akaniuliza kwa Kinyakyusa kama kijana yule ameshakula. Alipoulizwa kwa Kiswahili leo ni siku gani, alinyamaza. Tukajaribu kwa Kinyakyusa, mimi nikitafsiri, na mama akaeleza njia nzima ya kutoka nyumbani kwao hadi mtoni, mti kwa mti. Daktari akasema lugha iliyojifunzwa baadaye huweza kutangulia kupotea. Sikulijua hilo. Kwa miaka miwili nilikuwa namsemesha mama kwa Kiswahili, nikidhani hataki kunijibu.

Halafu akaomba nimwonyeshe dawa zote zilizomo ndani, si za hospitali tu. Nikamwaga kapu. Akasimama kwenye vile vidonge vidogo vya njano vya mafua na mzio, ambavyo nilikuwa nampa ili apate usingizi. Klofenamini. Huwaongezea wazee wa namna yake kuchanganyikiwa, akaniambia nisimpe tena. Nililia hapohapo, mbele ya kamera.

Mwisho akataka kuiona nyumba. Nikatembea na simu: sebule, korido, chumba cha mama. "Simama. Rudi nyuma kidogo." Nikarudi. Kwenye mlango wa kabati nikajiona mimi na simu yangu. Mama hajitambui tena kwenye kioo, akasema daktari kwa upole; anamwona bibi mgeni aliyeingia chumbani kwake. Funikeni. Nikafunika usiku uleule.

Alisema wazi kuwa kamera haichukui damu. Alituandikia vipimo vya kwenda kufanya Mbeya: tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, VVU, kwa sababu yapo magonjwa yanayofanana na huu na yana tiba. Majibu yalitoka salama. Anaona ni Alzaima, aina inayobeba asilimia 60 hadi 70 ya dimensia yote, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na ufahamu.

Nimesoma kuhusu utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Waliufanya kwenye majimbo ya California, Nebraska na Iowa, kwa jozi 780 za mgonjwa na mlezi. Mtu aliyefunzwa, si daktari, alikuwa anazipigia familia simu mara kwa mara, nyuma yake wakiwepo muuguzi, mfamasia na mtaalamu wa ustawi wa jamii. Maisha ya wagonjwa yalikuwa nafuu, safari za dharura hospitalini zikapungua, na walezi wakapungukiwa na sonona. Nikawaza zahanati zetu za Rungwe. Mhudumu mmoja kila kata, anayejua Kinyakyusa, mwenye simu na bingwa wa kumuuliza. Angelifika kabati letu miezi mitatu kabla ya viatu kurushwa. Nalitaka jambo hili kwa moyo wote, na nitalisema kwenye kila mkutano wa kijiji.

Alhamisi daktari alipiga tena. Safari hii alianza na mimi: nalala saa ngapi, nani ananipokea zamu. Sikuwa na jibu la swali la pili. Akasema tutalizungumza na kaka zangu, wote kwenye simu moja, wiki ijayo.

Tulipokuwa bado tunaongea, mama aliinuka, akatoa ndizi mbili motoni, akapangusa majivu, akaziweka kwenye sahani mbele ya simu. Akaniambia nisiondoe sahani mpaka kijana amalize kula.