Kadi ya Kaa: nilivyoiandikia xv6 draiva ya mtandao

Kwenye droo ya karakana yangu hapa Mwanza kuna kadi za mtandao kumi na mbili, zote za PCI (aina ya tundu la kuchomekea kadi kwenye mazabodi), nilizozichomoa kwenye kompyuta za mezani zilizokufa. Chipu yake ina mchoro wa kaa, nembo ya Realtek, na karibu yake imeandikwa RTL8139D. Fundi yeyote aliyefanya kazi miaka ya 2000 anamjua kaa huyo. Nimezifunga kadi hizi kwenye mashine nyingi mno: unachomeka, unaweka sidii ya draiva, unabonyeza "endelea" mara kadhaa, taa inawaka, mteja analipa.

Kijana ninayemfundisha kazi ndiye aliyenisimamisha. Tulikuwa tunasafisha droo ile, akashika kadi moja akaniuliza, "Fundi, hivi draiva huwa inaiambia nini kadi?"

"Inaifanya kompyuta iitambue."

"Sawa, lakini inaiambia nini?"

Sikuwa na jibu. Nina miaka kumi na minne kwenye ufundi na swali lile liliniuma, nikaamua kuiandika draiva hiyo mwenyewe, mstari kwa mstari, mpaka niweze kumjibu.

Kwenye Linux draiva ya kadi hii imo siku nyingi, kwa hiyo huko nisingekuwa na cha kuongeza. Nilichukua xv6, kerneli ndogo (kerneli ni kiini cha mfumo endeshi) iliyoanza mwaka 2006 pale MIT kwa ajili ya kufundishia, iliyojengwa kwa kufuata Unix ya toleo la sita ya Dennis Ritchie na Ken Thompson. Msimbo wake uko wazi na haufiki mistari elfu kumi, mtu mmoja anaweza kuumaliza kuusoma. Wenyewe MIT wameshahamia RISC-V, aina nyingine ya prosesa, ila mimi nilibaki na toleo la zamani la x86, prosesa za kompyuta za kawaida za mezani, kwa sababu huko ndiko kadi zangu zilikozoea kuishi. Toleo hilo halina mtandao kabisa. Hata kuitafuta kadi kwenye PCI halijui. Nililiendesha ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima, ambayo inaweza kuiga RTL8139 yenyewe, hivyo kila nilipoiangusha kerneli (na niliiangusha sana) hakuna diski iliyoharibika.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiona kadi. Kwenye x86 unaandika anwani ya kifaa kwenye poti 0xCF8, kisha unasoma jibu kwenye poti 0xCFC, biti 32 kwa mpigo (0x ni alama ya namba za msingi wa 16). Faili la x86.h la xv6 lina inb na outb za baiti moja moja, lakini inl na outl halina, kwa hiyo nikaziongeza kwa asemblia, mistari michache tu. Nikapitia vifaa 0 hadi 31 na kuchapa kilichojibu. Kwenye orodha ikatokea 0x813910EC. Nusu ya chini, 10EC, ndiyo namba ya Realtek, na nusu ya juu, 8139, ndiyo kadi. Nilikaa nikiitazama namba ile kwa muda. Kwa miaka yote nilikuwa naiona kadi kwa macho tu, na sasa kerneli niliyoigusa kwa mikono yangu ilikuwa inaiona pia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Niliwasha biti ya 2 kwenye rejista ya amri ya PCI (rejista ni kisanduku kidogo cha namba ndani ya kadi), biti inayoiruhusu kadi kusoma na kuandika kwenye RAM bila kupitia kwa prosesa. Nikaandika 0x10 kwenye rejista 0x37 ili kadi ijizime na kujiwasha upya, nikasubiri mpaka biti hiyo ijifute. Nikasoma anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kadi, kwenye baiti sita za mwanzo. Nikaipa bafa ya kupokelea, yaani sehemu ya RAM ya kuwekea pakiti zinazoingia, ya kilobaiti 8 na ziada. Hapo kuna jambo la kuangalia: kalloc, kazi ya xv6 ya kugawa RAM, inatoa kurasa za baiti 4096 moja moja na haikuahidi kwamba kurasa mbili zitapakana, wakati kadi hii inataka bafa iliyonyooka bila kukatika. Nikaitangaza bafa kama safu ya kudumu ndani ya kerneli.

Kisha nikajaribu kutuma.

RTL8139 ina nafasi nne za kutuma pakiti, hakuna zaidi. Unaiandikia anwani ya pakiti kwenye rejista 0x20, halafu urefu wake kwenye 0x10, na ule urefu ndio unaoianzisha safari. Zamu inayofuata unahamia nafasi ya pili, ya tatu, ya nne, unarudi ya kwanza. Niliandaa swali la ARP, ambalo kwa lugha ya kawaida ni "nani mwenye 10.0.2.2?" Hiyo ndiyo anwani ya lango kwenye mtandao wa ndani wa QEMU. Pakiti yenyewe ina baiti 42, nikaijazia sifuri zifike 60, kima cha chini cha Etheneti bila kuhesabu CRC, namba ya kuhakiki inayofuata mwishoni. QEMU ikawa inarekodi ndani ya faili kila kinachotoka na kinachoingia.

Kadi ikasema imetuma. Nikafungua faili: pakiti ipo, urefu ni 60, na ndani yake ni sifuri tupu. Sifuri sitini. Bahasha imefika posta, imegongwa muhuri, barua haimo.

Usiku wa kwanza niliikagua pakiti. Ilikuwa sahihi, niliichapa kabla tu ya kuituma na kila baiti ilikuwa mahali pake. Usiku wa pili nikaikagua tena, maana sikuwa na pengine pa kutazama. Wa tatu ndipo nilipochapa kitu ambacho ningekichapa tangu mwanzo, yaani ile anwani niliyoiandika kwenye 0x20. Ilianza na 0x80. Basi nikaelewa, na nilielewa kwa mwili mzima. Kerneli ya xv6 inaishi kuanzia 0x80000000, lakini hiyo ni anwani pepe, anwani inayotafsiriwa na prosesa kwa majedwali ya kurasa. Kadi haipiti kwa prosesa. Haina majedwali. Ukiiambia 0x80000000 inakwenda kwenye gigabaiti ya 2 ya RAM halisi, na mashine yangu ndani ya QEMU ilikuwa na megabaiti 512 tu. Kadi ilikwenda mahali pasipo na kitu, ikarudi na kutokuwepo kwa kitu, ikakituma kwa uaminifu.

Dawa yake ilikuwa herufi tatu. xv6 ina makro iitwayo V2P inayotoa 0x80000000 kwenye anwani. Niliiweka pale, na kwenye bafa ya kupokelea pia, nikaendesha tena. Faili likaonyesha swali langu la ARP, baiti zote 42 na sifuri za kujazia, na chini yake, mstari wa pili, jibu la lango. Jibu lipo kwenye waya! Ila kerneli yangu ilikuwa kimya.

Interapti, ishara ambayo kadi inaitumia kumshtua prosesa, ilikuwa inafika mara moja tu, ile ya "nimetuma", kisha haiji nyingine. Kosa hili lilinichukua saa mbili, si siku tatu, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza kuchapa rejista badala ya kubahatisha. Rejista 0x3E inaonyesha sababu ya interapti, nami niliifuta kwa kuandika sifuri. Kumbe biti zake zinafutwa kwa kuandika moja. Kadi ilikuwa bado inashikilia kengele juu, na xv6 imepanga IOAPIC, chipu inayopeleka interapti kwa prosesa, isikilize pale tu kengele inapopanda kutoka chini. Isiposhuka haiwezi kupanda. Nikairudishia rejista thamani ileile niliyoisoma, na interapti ya pili ikaja.

Ikaja na balaa la tatu. Skrini ikajaa mistari ya pakiti zenye urefu sifuri, moja baada ya nyingine. Kadi hii inaandika pakiti kwenye bafa kwa mfuatano, kila moja ikitanguliwa na baiti 4 za kichwa: mbili za hali na mbili za urefu, na urefu huo unajumlisha CRC. Ukimaliza kusoma unaiambia, kwenye rejista 0x38, umeishia wapi. Mimi niliiambia ukweli. Lakini rejista hii inataka uandike ulipoishia ukitoa 16. Kadi yenyewe ndiyo inayoongeza hizo 16. Kwa kutojua, nilikuwa nimeiambia kwamba nimesoma baiti 16 mbele ya mahali ilipofikia yenyewe, ikaamini bafa bado ina mzigo, nami nikawa nasoma sehemu tupu.

Hilo nililikuta kwenye draiva ya Linux iitwayo 8139too, ambako kutoa huko kwa 16 kumeandikwa waziwazi. Hapa kuna jambo nililisimamia kwa makini. Draiva ile iko chini ya leseni ya GPL, inayotaka msimbo ulionakiliwa kutoka kwake ufuate masharti yaleyale, na xv6 iko chini ya leseni ya MIT, ambayo ni legevu zaidi. Niliisoma nijue kadi inavyotenda, nikaifunga, nikaandika msimbo wangu. Hakuna mstari nilionakili, na naomba yeyote anayefuata njia hii afanye vivyo hivyo, maana waliotuachia kazi yao wazi walituwekea masharti na masharti hayo ndiyo malipo yao.

Asubuhi nilimwita kijana kabla hatujafungua dirisha la wateja. Nikaendesha xv6 mbele yake. Kerneli ikauliza, jibu likaja, nikachapa MAC ya aliyejibu: 52 55 0a 00 02 02. Akaweka kidole kwenye skrini, akahesabu zile nne za mwisho polepole (0a ni kumi kwa msingi wa 16).

"Kumi, sifuri, mbili, mbili. Fundi, hii si ndiyo 10.0.2.2?"

"Ndiyo. QEMU inaiweka anwani ya lango ndani ya MAC yake."

"Kwa hiyo draiva iliiambia nini kadi?"

"Iliiambia barua iko wapi na ina urefu gani. Na mimi nimeishia kusoma wapi, ukitoa 16."

Akaenda kwenye droo, akachukua kadi moja ya kaa, akaifuta vumbi kwa shati lake. Sasa tunatafuta mazabodi nzima yenye tundu la PCI.