Nilivyohamia draiva mpya ya flashi kwenye U-Boot

Bodi tunazopimia maji ya mfongo (mfereji wa asili wa umwagiliaji) hapa Moshi zilikuwa na U-Boot ya 2016, yaani programu inayowasha bodi, mipangilio ya flashi ikiwa ndani ya faili la hederi la bodi. Tangu toleo la 2019.04, U-Boot inatumia mfumo wa spi-nor (draiva ya chipu za flashi za SPI) uliotoka kwenye Linux, na chipu inatajwa kwenye DTS, faili linaloeleza vifaa vya bodi.

Kabla ya yote, nakili chipu nzima. Zetu ni W25Q128, megabaiti 16. Zima bodi, bana klipu ya miguu 8, tumia volti 3.3, soma mara 2 kwa programu ya flashrom, linganisha sha256sum (alama ya utambulisho) za nakala hizo mbili. Zikitofautiana, usiendelee: klipu haijakaa sawa, au bodi inanyonya umeme wa programa, kifaa kinachosoma chipu.

Kwenye defconfig (faili la machaguo ya kujengea U-Boot) niliwasha CONFIG_DM_SPI, CONFIG_DM_SPI_FLASH na CONFIG_SPI_FLASH_WINBOND. Kwenye DTS, nodi (sehemu) ya flashi ilipata compatible ya "jedec,spi-nor" na spi-max-frequency ya 20000000. Kasi iongezwe baadaye, bodi ikishatulia.

Jaribio la kwanza lilikwama kwenye SPL, hatua ndogo ya kwanza inayopakia U-Boot kamili. Skrini iliandika "Trying to boot from SPI", kisha "SPI probe failed." DTS ya SPL hupunguzwa ili itoshe, na nodi isiyo na alama hutupwa. Niliweka bootph-all kwenye nodi ya flashi na ya kidhibiti chake cha SPI, bodi ikawaka. Kwa matoleo ya kabla ya 2023.04, alama hiyo ni u-boot,dm-pre-reloc.

Kilichonichosha zaidi ni saveenv, amri ya kuhifadhi mipangilio ya U-Boot kwenye flashi, ambayo ilikataa. Nilikuwa nimezima CONFIG_SPI_FLASH_USE_4K_SECTORS ili kufuta kuwe haraka: kilobaiti 64 kwa mkupuo huchukua takriban milisekunde 150, lakini kwa vipande 16 vya kilobaiti 4 hufika 700 hivi. Shida ni kwamba CONFIG_ENV_SECT_SIZE ilibaki 0x1000, na draiva haikubali kufuta kipande kidogo kuliko sekta yake. Niliifanya 0x10000, nikahakikisha CONFIG_ENV_OFFSET inagawanyika kwa namba hiyo na kwamba sekta nzima haina kitu kingine, maana saveenv huifuta. Jibu la sf probe (amri ya kutambua chipu) linaonyesha "erase size". Lisome kabla ya kubahatisha.

Mwisho niliwasha CONFIG_CMD_SF_TEST, nikaendesha sf test 0xF00000 0x10000 kwenye eneo tupu, kwani hufuta kilichopo. Bodi ilipopita, nikachomoa umeme na kurudisha mara 10, nikisoma mipangilio iliyohifadhiwa kwa printenv kila mara, ndipo nikagusa bodi ya pili.