Somo la Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Zamu ya tafakari wiki hii ni yangu, na nilikuwa nimeandaa mengine kabisa. Nimeyaacha. Nataka niwaambie habari za somo yangu.

Sisemi somo la darasani. Tulibatizwa siku moja na kupewa jina moja, yeye na mimi, pale Katesh chini ya mlima Hanang, na tangu hapo hatukuitana jina tena. Ilikuwa "somo" kwa "somo", mpaka mama zetu wakazoea. Nyuma ya kwao palipita korongo linaloteremka kutoka mlimani. Mvua ikikatika tulishuka humo kuchimba udongo na kufinyanga ng'ombe. Wangu walikuwa na miguu minene kama vinu. Wake ungedhani watalia. Nundu aliibandika mwisho, pembe alichomeka miiba ya mgunga, halafu anamwinua juu ya kiganja anamtazama kwa jicho moja, kama mzee aliyekwenda mnadani. "Usichukue wa juu, somo, una mchanga. Chimba chini."

Mimi niliolewa Babati, yeye akabaki. Jumamosi ya tarehe 2 Desemba 2023, jioni, alinitumia sauti: "Somo, mvua ya huku si ya mchezo, hata kuku wamegoma kutoka." Nilicheka, nikalala.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Niliwahi misa ya kwanza. Somo la kwanza lilitoka kwa nabii Isaya, pale anapomlilia Mungu apasue mbingu na kushuka, milima itetemeke mbele zake. Somo likamalizika hivi: "Sisi tu udongo, nawe u mfinyanzi wetu, sisi sote tu kazi ya mikono yako." Tukaitikia, "Tumshukuru Mungu." Simu ilikuwa inatetemeka mkobani, nikaona aibu kuitazama. Wakati naitikia, tope lilikuwa limeshapita kwao.

Mnajua yaliyotokea. Alfajiri ile ubavu wa mlima ulimeguka, maji na tope vikateremka na mawe na magogo mpaka Gendabi na Katesh mjini. Waliokufa walipita 80. Wataalamu wa miamba walikuja wakatueleza kwamba si volkano iliyoamka. Miamba laini ilikunywa maji ya mvua zile mpaka ikalemewa, ikaachia. Namshukuru sana aliyetusomea maelezo yale. Alisema maji, alisema mwamba, hakusema mtu yeyote. Maana wengine walishaanza: mara mlima umekasirika, mara dhambi za Katesh zimefika mbinguni. Somo yangu alikuwa na dhambi zake, na nyingi nazijua kwa kuwa tulizifanya wote. Bwana Yesu aliwahi kuletewa habari za namna hii, na katika Luka 13 akawataja wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Akasema sivyo. Kisha akawageuzia maneno waliokuwa hai. Mhubiri wa barabarani angesoma mstari ule kabla hajawasha kipaza sauti.

Nilimtambua kwa ukucha wa kidole gumba cha mguu, uliopasuka kwa jembe tukiwa darasa la nne. Uso ulikuwa umefunikwa na tope lililoanza kukauka, la rangi ileile. Mama mmoja alikuwa anamfuta kwa kitambaa na maji ya ndoo, taratibu, anaanzia paji la uso, anakamua, anarudia. Nikapokea kitambaa.

Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Ninyi mnajua tunavyolisema, halina nia mbaya, mtu hana la kusema na hataki kunyamaza. Lakini mimi lilinichoma. Nilikaa mwaka mzima kanisani nikifika kwenye "Tumshukuru Mungu" naziba mdomo. Nilikuwa najiuliza, kama lile tope ni kazi ya Mungu na halina makosa, basi mimi ninalia nini?

Nilirudi kwa Isaya kwa hasira, nitafute pa kumshtaki. Nikakuta mstari uleule niliouitikia asubuhi ile. Nabii anasema kazi ya mikono ya Mungu, halafu anaitaja ni ipi. Si mvua, si mlima unaotetemeka. Ni sisi. Kazi ya Mungu pale Katesh alikuwa somo yangu, na mama yule mwenye kitambaa, na vijana waliochimba kwa mikono siku zile zote. Sasa mtu akinipa pole kwa msemo ule nakubali kabisa, ila moyoni namfikiria yeye anayeinua ng'ombe juu ya kiganja. Kwa nini Mfinyanzi aliacha chombo kile kivunjwe, Isaya hasemi. Naye analia tu mlemle, sura ile yote ni kilio, na Kanisa halikuona haya kuuanza nacho mwaka wake, unaoanza na Majilio.

Masomo yale hurudi kila baada ya miaka mitatu. Nimemwomba katekista anipangie nisome mimi.

Nilipokwenda mara ya mwisho kuwasalimia kwao, nilishuka korongoni. Lilikuwa limepanuka, mawe yamekaa pasipokuwa na mawe. Watoto watatu walikuwa wamechuchumaa kwenye tope lililobaki, wanafinyanga. Mmoja akaninyooshea ng'ombe wake, hana pembe. Nikamwambia subiri, nikaenda kutafuta mgunga.