Mbao za gitaa la umeme, anza na shingo

Watu wakiongelea mbao za gitaa la umeme wanakimbilia bodi, eti mahogani inatoa sauti nzito, sijui mepo (mbao ya maple) inatoa sauti kali, ila mimi naona shingo ndo penye mambo. Cheki gitaa za Gibson Les Paul za miaka ya 1950, shingo ni mahogani kipande kimoja na kichwa kimelala nyuma digrii 17, sasa mbao ikichongwa kwa pembe hiyo mishipa yake (ile mistari ya mbao) inakatika mifupi mifupi pale kichwa kinapoanzia, halafu hapo hapo wamechimba kashimo ka kurekebishia chuma cha ndani kinachoweka shingo sawa, yaani gitaa likianguka chali linavunjika palepale. Fender, kampuni nyingine ya gitaa, wao walitumia mepo, mbao ngumu zaidi, kichwa hakijalala, mishipa inapita moja kwa moja. Zinavumilia sana zile.

Kwenye sauti, pikapu, ile sumaku inayokaa chini ya waya za gitaa, inasoma mtikisiko wa waya, bodi inachangia kidogo tu. Lakini shingo ikiwa laini inakula nguvu ya waya, unapiga noti flani inazimika mapema kuliko za jirani. Kabla hujanunua piga kila freti (vile vyuma vilivyopita kwenye shingo) taratibu bila ampu (spika ya gitaa), sikiliza ipi inakufa.