Pikapu kuukuu ikigonga asubuhi

Hilux ya petroli yenye injini ya 22R ikilala usiku kucha, iwashe asubuhi kabla haijapata joto na uhesabu mlio wa kugonga unadumu sekunde ngapi. Usifungue kichwa cha injini kwanza, hata fundi akisisitiza.

Kugonga kwa sekunde mbili tatu, kisha kimya: anza na oili filta. Filta nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili kurudi chini gari likizimwa. Za bei ya kutupa huko Kariakoo vali hiyo huwa ngumu au haipo kabisa, hivyo injini inawaka ikiwa kavu. Badilisha filta na oili, 20W-50 inafaa kwa joto la Dar, kisha sikiliza tena kesho yake.

Mlio wa kukwaruza upande wa mbele ndio wa kuogopa. Fungua kava la tapeti (kifuniko cha juu ya injini), mulika tochi chini kwenye taimingi cheni, yaani cheni ya mbele inayoendesha mfumo wa vali. Vibao vya plastiki vinavyoiongoza huvunjika kwa uzee, na cheni iliyolegea hukata kava la mbele mpaka kwenye njia ya maji. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji; usiwashe tena.

Tiki-tiki isiyokoma ni tapeti, vipande vinavyosukuma vali: injini ikiwa moto, pima nafasi kati ya tapeti na vali, 0.20 mm kwa vali za kuingiza, 0.30 mm kwa za kutoa. Tiki-tiki ikipungua kadiri injini inavyopata moto, kagua gasketi ya manifoldi ya ekzosi, pale bomba la moshi linapoanzia kwenye injini. Masizi meusi yatakuonyesha panapovuja.