Homa ya wodini ilivyotupa kazi, na tulivyoishinda

Mdogo wangu ana saratani ya damu, na katika muda wote niliomuuguza hapa Dar es Salaam, hakuna siku zilizonichosha kama zile 14 za homa iliyomkuta akiwa tayari amelazwa. Dawa za saratani zilikuwa zimeshusha nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, hadi chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu. Mtu aliyefikia hapo mara nyingi hatoi usaha wala havimbi. Dalili yake huwa ni homa peke yake.

Usiku wa kwanza, muuguzaji wa kitanda cha jirani alinishauri nimpe panado, tulale, daktari tumwone asubuhi. Nilimsikiliza, na ushauri ule unaniuma mpaka leo. Joto lilishuka kutoka 38.6 hadi 37.2, nami nikajinyoosha sakafuni juu ya khanga nikiamini yamekwisha. Saa kumi alfajiri nilimshika mkono nikaukuta wa baridi, unatetemeka, na presha ilipopimwa ilikuwa imeporomoka. Panado ilikuwa imeficha homa, bakteria wakaendelea na kazi yao. Mgonjwa wa aina hii akigonga 38.3 hata mara moja, antibayotiki ya mshipa inatakiwa imfikie ndani ya saa moja, iwe usiku au mchana.

Alianzishiwa antibayotiki ya seftriaksoni, lakini siku ya tatu homa ilikuwa bado ipo. Ndugu yetu mwenye duka la dawa akapiga simu akisisitiza dozi iongezwe. Nashukuru sista wa zamu alikuwa ameshachukua damu ya kuotesha, yaani ya kutafuta bakteria maabara, kabla ya sindano ya kwanza, kwani majibu yalionyesha bakteria aitwaye Klebsiella anayetengeneza kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo. Kuongeza dozi kungekuwa kutwanga maji kinuni. Antibayotiki nyingine, meropenemu, ndiyo iliyokuwa bado inamweza bakteria huyo. Ni sindano tatu kwa siku, na ukoo mzima ulichangishana.

Klebsiella husafiri wodini kwa mikono ya watu. Mimi nilipowaomba wahudumu wanawe mikono, niliambiwa niwaache watu wafanye kazi yao. Ndipo nikafunga chupa ya kitakasa mikono kwa bandeji kwenye chuma cha miguuni mwa kitanda, mahali ambapo kila anayekuja lazima apite, na juu yake nikabandika plasta yenye maneno haya: "Damu yangu haina askari. Naomba mikono kwanza." Mdogo wangu mwenyewe akawa anasema, kwa sauti ya chini, "Shikamoo daktari, chupa hiyo hapo." Daktari bingwa alipofika na wanafunzi wake alisimama, akasoma, akajipaka hadi kwenye vifundo vya mikono, wanafunzi wote wakafuata mmoja mmoja, harufu ya spiriti ikajaa. Tangu siku hiyo sikuhitaji kufungua kinywa. Tarehe ya kanula, ule mrija mdogo wa mshipani, nayo niliiandika juu ya plasta yake, na ngozi ya hapo ilipoanza kuwa nyekundu nikaomba itolewe siku hiyo hiyo.

Siku ya pili ya meropenemu homa ilikatika. Karatasi ya majibu ya kuotesha nimeitia kwenye mfuko wa nailoni ndani ya faili lake. Homa ikirudi, daktari ataiona kabla ya kadi ya bima.